Misri ya kale walivyokunywa maandishi

Sanamu ya Djedhor, kuhani wa Misri ya kale, iliyopatikana Athribis kwenye Delta ya Nile na sasa imo makumbusho ya Cairo, imeandikwa karibu mwili mzima. Uso, mikono na miguu ndiyo iliyoachwa wazi. Wengi huanza kwa kuyasoma maandishi hayo. Mimi huanza na kitako. Pale pana kibakuli kilichochongwa ndani ya jiwe lenyewe, na mfereji wa kuingizia maji. Katika karne ya 4 KK sanamu ilimwagiwa maji, yakateremka yakiyapitia maandishi hadi kibakulini, na aliyeumwa na nyoka au nge akayanywa.

Msomaji wa Lamu au Unguja ameshaelewa: anamjua mtu aliyewahi kunywa kombe, yaani maji yaliyoosha maandishi matakatifu ya zafarani. Sidai kwamba hili lilizaa lile. Nasema tu kwamba aliyezoea zafarani iliyooshwa sahanini hatashangaa watu kunywa neno.

Mbele ya Djedhor pana kibao kinachomwonyesha mungu Horus akiwa mtoto, uchi, shungi la nywele upande mmoja, amesimama juu ya mamba. Mikononi ameshika nyoka, nge, simba na choroa. Juu yake limekaa sura la mungu Bes, masharubu na ulimi nje, kama mlinzi wa mlango asiyetaka mazoea. Vibao vya namna hii vilichongwa kwa wingi, hata vidogo vya kuvaa, na baadhi vimelika uso kwa kupapaswa.

Kibao kikubwa kuliko vyote kwa umaarufu ni kile cha Metternich, kilichoko New York, cha enzi ya farao Nectanebo wa Pili. Kinasimulia mungu Isis alivyomkuta mwanawe Horus ameumwa na nge vichakani mwa Delta. Akapiga ukelele, jahazi la jua likasimama angani, na Thoth, mungu wa hekima, akashuka kumtibu. Hapo ndipo dawa ilipo. Mganga akiyasoma maneno yale, mgonjwa wake anakuwa Horus, na jua haliondoki mpaka apone. Miungu imebanwa: mtoto wa mtu asipopona, hakuna kesho.

Nguvu hiyo waliiita heka, na Heka alikuwa pia mungu. Ndiyo maana huwa sipendi kuitafsiri "uchawi". Uchawi kwetu hufanywa usiku kwa siri. Heka ilikuwa elimu ya makuhani, na Djedhor alijulikana kama mwokozi.

Hirizi pia zilikuwapo, kwa maana ileile tunayoijua: maandishi yaliyokunjwa na kuvaliwa. Takriban miaka 3,000 iliyopita, mtoto aliandikiwa kipande chembamba na kirefu cha mafunjo, kikazungushwa, kikatiwa ndani ya kibweta na kuning'inizwa shingoni. Humo miungu ndiyo inayosema, kwa jina la mtoto na la mama yake: tutamlinda na nyoka, tutamlinda na nge, tutamlinda na ukuta unaoanguka. Orodha inaendelea kwa uangalifu wa wakili, hadi inafika kwa Sekhmet, mungu mwenye kichwa cha simba anayeleta maradhi. Mzazi yule alitaka miungu imwahidi kwa maandishi kumlinda mwanawe dhidi ya miungu wenzao.