Mistari miwili ya kipimo cha alsa haisemi yote

Ukiingia duka la dawa, Kisenyi jijini Kampala au Busia mpakani, ukilalamika kiungulia na tumbo kuwaka, huenda ukatobolewa kidole. Tone la damu linadondoshwa kwenye kipimo, dakika chache zinapita, mistari miwili inatokea. "Una alsa," yaani vidonda vya tumbo, unaambiwa, na unarudi nyumbani na mfuko wa vidonge. Lakini kipimo hicho hakioni kidonda, wala hakioni bakteria. Kinaona kingamwili tu: alama kwamba mwili umewahi kupambana na Helicobacter pylori, bakteria anayeweza kuleta kidonda hicho, iwe mwaka huu au zamani.

Bakteria huyu, ambaye madaktari Barry Marshall na Robin Warren walimwotesha maabara mwaka 1982 huko Perth, Australia, hujificha kwenye ute unaofunika ukuta wa tumbo. Hutengeneza amonia kutokana na urea, akapunguza makali ya asidi inayomzunguka. Aina zake kali hudunga ndani ya seli zetu protini iitwayo CagA pamoja na vipande vya ganda lao. Kitambuzi cha seli, NOD1, kikinusa vipande hivyo, seli huachilia interleukini-8, ujumbe wa kemikali unaoziita neutrofili, yaani chembe nyeupe za damu zinazofika kwanza. Ni kama mayowe ya mwizi usiku: majirani wanakuja na marungu, mwizi yuko darini, na vinavyovunjika ni vyombo vya mwenye nyumba. Neutrofili humwaga kemikali zinazounguza utando wetu wenyewe, huku bakteria wengi wakisalimika ndani ya ute.

Uvimbe wa utando unaoletwa na vurugu hiyo unaweza kudumu miaka mingi, kwani wengi huambukizwa utotoni, na walio wengi hawasikii lolote. Kwa wachache huzaa kidonda. Kwa wachache zaidi, saratani. Mwaka 1994 wataalamu wa saratani wa WHO walimworodhesha bakteria huyu miongoni mwa visababishi vya saratani.

Ndiyo maana kutafuna magneziamu kila jioni hakumalizi tatizo. Inatuliza asidi kwa muda, mayowe yanaendelea. Pilipili nayo imesingiziwa mengi. Wa kuogopwa zaidi ni diklofenaki za kila siku za maumivu ya mgongo, zinazoweza kutoboa tumbo hata pasipo bakteria.

Omba kipimo cha choo kikubwa au cha pumzi, vinavyoonyesha bakteria aliyepo sasa. Omeprazo, dawa ya kupunguza asidi, iachwe wiki mbili kabla, antibiotiki wiki nne, la sivyo jibu linaweza kudanganya. Lakini choo cheusi kama lami, kutapika damu au kukonda bila sababu si mambo ya duka la dawa: nenda hospitali, na kwa damu nenda siku hiyo hiyo.

Bakteria akipatikana, tiba huwa ni antibiotiki zaidi ya moja pamoja na dawa ya kupunguza asidi, kwa kawaida siku 14, bila kukatisha nafuu inapokuja. Wiki nne au zaidi baada ya dozi, rudia kipimo cha choo au pumzi. Cha damu usirudie. Mistari miwili inaweza kuendelea kutokea muda mrefu baada ya bakteria kuisha.