Mvua haili lami
Kila masika, Dar es Salaam utasikia: mvua imekula lami. Tumeyasema miaka mingi, lakini lami haiyeyuki kwa maji. Uharibifu huanza kiangazi: jua na hewa huikakamaza, weusi wake unageuka kijivu, kisha nyufa nyembamba kama uzi zinajitokeza. Machi mvua ikishuka, maji hupenya humo hadi kwenye kifusi cha chini, nacho kinalainika. Gari likipita, lami inabonyea, inavunjika, shimo hilo.

Kwa hiyo njia ya kuingilia nyumbani kwako ikague Februari, ingali kavu. Fagia nyufa, toa mchanga wote, kisha ziba kwa lami ya moto. Na mtaro uzibue, tafadhali. Maji yakituama pembeni hupenya chini kwa chini hata kama juu pazima.