Rasiberi ya Heritage haizai mwaka mzima

Wauza miche huitangaza Heritage, rasiberi nyekundu iliyotolewa mwaka 1969 na kituo cha utafiti wa kilimo cha Geneva, jimboni New York, kuwa ni aina inayozaa mfululizo. Mnunuzi akisikia hivyo hudhani atachuma kila wiki. Sivyo. Heritage huzaa mara mbili, na katikati kuna wiki kadhaa za majani matupu.

Mizizi ya rasiberi huishi miaka mingi, lakini kila shina huishi miwili tu. Kwa aina za kawaida, shina huota mwaka wa kwanza bila tunda lolote, huzaa mwaka wa pili, kisha hufa. Heritage haisubiri. Shina jipya huzaa nchani mwaka uleule, kuanzia mwisho wa kiangazi cha huko hadi baridi kali ifike. Likiachwa, sehemu yake ya chini huzaa mapema kiangazi kinachofuata, ndipo linakauka.

Ndiyo maana wakulima wengi hukata mashina yote hadi ardhini majira ya baridi yakielekea kuisha. Jirani asiyejua atasema shamba limeuawa! Kumbe wameacha kwa hiari mavuno ya kiangazi ili wabaki na moja, la vuli, na kazi ya kupogoa ikawa nyepesi. Mimi ningefanya hivyohivyo, isipokuwa mahali ambapo jalidi, yaani baridi ya kugandisha, huwahi: Heritage huchelewa kuiva, na matunda mengi yangeungulia shinani.