Kundi moja, mafundo mawili

Wanaosoma hisabati wengi hushikilia kwamba mafundo mawili, yaani kamba zilizofungwa kisha zikaungwa ncha, yakiwa na kundi la msingi lilelile (mfumo wa njia za kuizunguka kamba na kurudi ulipoanzia) ni fundo moja. Si kweli.

Chukua kamba ya manila, ile ya kufungia magunia ya viazi pale Mwanjelwa, Mbeya. Piga fundo la kawaida, na pembeni yake la pili la upande uleule, kisha unga ncha mbili za kamba. Kwenye kamba nyingine fanya vivyo hivyo, ila fundo la pili lipigwe kinyume, kama taswira ya la kwanza kwenye kioo. Kundi la msingi linatoka lilelile. Ila vuta utakavyo: bila kukata, fundo la kamba ya kwanza haligeuki kuwa la kamba ya pili. Mwaka 1952 mwanahisabati Ralph Fox alithibitisha kuwa hata nafasi zinazoyazunguka zinatofautiana.

Dhana hii haikutoka hewani, lakini. Kwa mafundo yasiyogawanyika kuwa mawili, kundi linatosha kabisa, ukiacha suala la kioo. Nalo si dogo: fundo la kawaida la kulia na la kushoto yana kundi moja, ingawa mwanahisabati Max Dehn alionyesha mwaka 1914 kuwa ni tofauti.