Jiwe halichuji maji, jamani

Kaja tena mtu maabara kwetu tunakopima maji ya visima, na majibu yake hayataki. Namwambia ami, maji yako yana E. koli, kijidudu cha kwenye kinyesi, ananambia haiwezekani, kisima changu futi 80, maji yale yameshachujwa na jiwe. Mie nimechoka kujibu mmoja mmoja, naandika hapa, ijayo natuma linki tu.

Kinachochuja ni udongo. Maji yanapita taratibu, vijidudu vinanasa, vingine vinaliwa, vingine vinakufa njiani. Hapa Unguja, ukiwa Kizimbani au Dole udongo upo, afadhali. Lakini uwandani, kwenye ardhi ya mawe, Makunduchi, Jambiani, Paje, hadi Nungwi, chini ya miguu yako kuna matumbawe ya zamani ambayo mvua imeyala miaka na miaka, mipasuko kila pahala na mapango. Teremka pango la Kuza pale Jambiani uone maji yaliyomo, halafu nambie yamepita kwenye chujio gani. Jiwe la uwanda ni kifumbu kilichotoboka, tui linapita na chicha zake.

Na visima vya karibu na pwani vinapanda na kushuka na bahari, bamvua, maji makubwa ya mwezi, ndio unaona vizuri. Sasa nisidanganye, kinachofika pale ni msukumo, si lazima maji yenyewe ya bahari yameingia kisimani, lakini msukumo haupiti hivyo kwenye jiwe lililoziba.

Halafu hili la kina. Ukizidisha kuchimba pwani hupati usafi, unapata chumvi, kwa sababu maji matamu yanaelea tu juu ya ya bahari, basi.

Lakini kinachonipandisha presha hasa ni karo, shimo la maji machafu ya choo. Mtu anajisifu mbele yangu, karo langu mwaka wa kumi halijajaa, fundi alinijengea vizuri! Yakhe, nyumba ya watu wanane, kila siku wanaoga, wanafua, wanakwenda chooni, na karo halijai, hayo maji yanakwenda wapi? Halina sakafu, yananywea kwenye mpasuko, yanashuka mpaka kwenye maji tunayochota sote, wewe na jirani na hoteli ya mbele. Karo linalojaa likaitiwa gari la kunyonya ndilo karo zima. Lisilojaa ni bomba la kupeleka kinyesi kisimani, na tunalipa fundi kwa kazi hiyo, tena tunamshukuru.

Wanaojua kidogo wananitajia mita 30 kati ya choo na kisima. Sawa, ipo kwenye miongozo, na kwenye udongo inasaidia. Uwandani siiamini. Ukiniuliza basi ngapi, nambari sina, maana inategemea mpasuko unakwenda wapi na mpasuko hatuuoni, naweza kukukuta mita 100 uko taabani na mwenzio wa mita 40 hana neno.

Kuchemsha kunaua vijidudu, klorini pia, fanyeni, hasa masika, kipindupindu kinatujia tangu 1978 na mvua ndio inakipa nguvu. Ila mkojo wa karo ukishageuka naitreti, kama chumvi iliyoyeyuka, ndani ya maji, moto hauitoi, unachemsha maji yanapungua yenyewe inabaki, kwa hiyo inazidi ukali. Haina rangi, haina ladha. Kiwango cha WHO, Shirika la Afya Duniani, ni miligramu 50 kwa lita, na wa kuogopewa ni mtoto mchanga anayekorogewa maziwa ya kopo, damu yake inashindwa kubeba hewa.

Na karatasi yangu ya majibu nayo msiitundike ukutani. Sufuri ya E. koli maana yake chupa ile, siku ile. Kisima kilichotoka safi wakati wa kaskazi nikikipima katikati ya masika sijui kama nitakitambua. Tena hii E. koli yenyewe, kwenye udongo wa joto kama wetu inaweza kuishi nje ya tumbo, kwa hiyo mara nyingine nahisi nakisingizia kisima cha watu, na kuna virusi vinavyodumu ndani ya maji kuliko yeye, ambavyo havimo kwenye karatasi kabisa.

Basi anayetaka kupima asubiri mvua inyeshe ndio alete. Chupa aje kuchukua kwetu, si ya soda aliyoisuuza kwa sabuni, aitie kwenye barafu, ifike ndani ya saa 6. Na akija nitamuuliza karo lake linajaa kila baada ya muda gani.