Aliyeapa na aliyezaliwa: vifungo viwili vya ukabaila wa Ulaya

Kila ninapofundisha historia ya Ulaya ya zama za kati, wanafunzi huniletea piramidi ileile: mfalme kileleni, makabaila, yaani mabwana wenye ardhi, chini yake, kisha askari wapanda farasi, na wakulima wakiwa wamebeba wote. Mchoro huo si wa uongo, lakini unaficha jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha utaratibu mzima wa ukabaila, ambamo ardhi ilitolewa kwa malipo ya utumishi. Kamba iliyomfunga kabaila kwa mfalme haikuwa ileile iliyomfunga mkulima kwa kabaila: mmoja alifungwa na kiapo alichokitamka kwa kinywa chake, mwingine alifungwa tangu tumboni mwa mama yake.

Kiapo chenyewe kilikuwa tendo la kushuhudiwa. Mwaka 1127, William Clito aliposhika utawala wa Flanders, eneo ambalo sehemu yake kubwa leo iko Ubelgiji, karani Galbert wa Bruges aliandika jinsi mabwana walivyomwendea mmoja mmoja. Mtawala alimuuliza kila mmoja kama yuko tayari kuwa mtu wake kikamilifu, naye akaitikia. Kisha akaunganisha viganja vyake, mtawala akavifumbata ndani ya vyake, wakabusiana. Baadaye waliapa juu ya masalia ya watakatifu, na mwishowe mtawala, akiwa na kijiti mkononi, akawakabidhi ardhi zao. Aliyetoka hapo alikuwa na deni la vita, ambalo kwa desturi lilizoeleka kuwa siku 40 kwa mwaka, lakini bwana wake naye alikuwa na deni. Fulbert, askofu wa Chartres, alilieleza hilo waziwazi mnamo 1020 alipomwandikia mtawala wa Aquitaine, kusini-magharibi mwa Ufaransa, kwamba yote ambayo mtu anawiwa na bwana wake, bwana naye anapaswa kumrudishia. Ndiyo maana Mei 1215 makabaila wa Uingereza waliweza kumkana Mfalme John kabla ya kumlazimisha kukubali Magna Carta, hati iliyoyawekea mipaka mamlaka ya mfalme: kwa fikra zao, mfalme aliyevunja sehemu yake ya ahadi alikuwa amewafungulia.

Mkulima asiye huru hakuwa na ahadi ya namna hiyo ya kumwezesha kumkana bwana wake. Hati za Kilatini za Uingereza humwita mara nyingi *nativus*, yaani mzaliwa, na neno hilo moja linatosha kueleza hali yake. Alilima shamba la bwana siku kadhaa kila wiki ndipo ageukie lake. Alilipa ili binti yake aolewe. Alipokufa, bwana alichukua mnyama bora kuliko wote zizini, wakati familia ikiwa bado matangani. Akinyang'anywa kipande alichokilima, mahakama ya mfalme haikumsikiliza dhidi ya bwana wake.

Lakini mimi naona uzito wa utaratibu huo ulionekana zaidi kwenye unga. Katika maeneo mengi bwana ndiye aliyemiliki kinu cha maji au cha upepo, na watu wake walilazimika kusaga hapo na kuacha sehemu ya nafaka kama malipo. Mwanamke aliyekuwa na kijaa nyumbani, yale mawe mawili ya kusagia kwa mkono, alihesabiwa kuwa anamwibia bwana. Huko St Albans, kaskazini mwa London, bwana alikuwa abasia yenyewe, yaani nyumba ya watawa, na wenyeji walipigania kwa miongo mingi haki ya kusagia majumbani. Katika miaka ya 1330, mkuu wa abasia hiyo, Abate Richard wa Wallingford, mtaalamu wa hisabati aliyebuni saa ya ajabu ya kuonyesha mwendo wa jua na mwezi, aliwanyang'anya vijaa vyao, na mawe hayo yakatandazwa kuwa sakafu ya abasia. Kwa muda wa miaka 50 hivi watawa walikanyaga mawe ya jikoni za watu.

Juni 1381, uasi wa wakulima ulipoenea Uingereza, wenyeji wakiongozwa na William Grindcobbe waliingia abasia na kuing'oa sakafu hiyo. Mtawa Thomas Walsingham, ambaye hakuwapenda hata kidogo, ameandika kwamba waliyavunja mawe vipandevipande wakagawiana, kila mtu chake, kama mkate uliobarikiwa unavyogawiwa parokiani siku ya Jumapili. Mwezi uliofuata Mfalme Richard II alifika St Albans na majaji wake, na Grindcobbe akanyongwa.