Kwa nini seli za hamira hushikana na kuzama

Acha chupa ya mnazi itulie tangu asubuhi. Jioni utakuta mashapo meupe yametanda chini. Ndani yake mna mamilioni ya seli za hamira, Saccharomyces cerevisiae, zile zile zinazoumua mikate na maandazi. Wengi wakiona mabonge ya namna hiyo hudhani kinywaji kimeharibika. Si lazima iwe hivyo. Mara nyingi hamira imemaliza kazi tu.

Seli moja ya hamira ina upana wa mikroni 5 hadi 10, na mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Ikiwa peke yake huelea muda mrefu. Zikishikana maelfu, huzama kwa dakika chache.

Kinachozishikanisha kipo kwenye ukuta wa seli. Ukuta huo umefunikwa na minyororo ya sukari iitwayo manosi, na kila seli ya hamira inayo. Baadhi ya aina za hamira hutoa pia protini ndefu zinazochomoza nje, kwa maagizo ya jeni za kundi la FLO, hasa FLO1. Protini ya seli moja hunasa manosi ya seli ya pili, kama kishikizo kinavyoingia kwenye tundu lake. Ila kishikizo hicho hakifungi bila kalsiamu.

Katika maabara, hili huonekana kwa macho matupu. Chukua mrija wenye hamira iliyoganda mabonge, tia EDTA, kemikali inayonyakua kalsiamu, kisha tikisa: mabonge huachana na maji huwa meupe kama maziwa. Osha seli hizo, zirudishe kwenye maji, ongeza matone ya kloridi ya kalsiamu. Usipotikisa, hubaki karibu vile vile, kwa sababu seli lazima zigongane ndipo zishikane. Tikisa taratibu, na vipande vyeupe huanza kujitokeza mbele yako.

Viwanda vya bia vinaijali sana saa ya kushikana. Katika hamira nyingi za bia, sukari iliyomo kwenye kimiminika huziba nafasi ambayo protini ingenasia manosi ya jirani. Kwa hiyo seli huendelea kuelea na kula. Sukari ikikaribia kwisha, ndipo hushikana. Zikishikana mapema, sukari hubaki bila kuchachuka. Zikichelewa, bia hutoka bila kuwa angavu na kuichuja kunakuwa shughuli pevu.

Na seli yenyewe inafaidika nini? Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba seli zilizo ndani ya bonge hustahimili pombe kuliko zinazoelea peke yake. Za nje huumia, za ndani hupona. Kwangu hilo ndilo jambo tamu kuliko yote katika habari hii: kiumbe cha seli moja kinajikinga kwa jirani yake.

Si kila bonge ni la namna hii, lakini. Mwaka 2012 William Ratcliff na wenzake wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, walieleza jinsi walivyochagua kila siku hamira iliyozama haraka na kuikuza upya. Ndani ya siku 60 walipata mabonge yenye matawi. Humo seli hazikukutana na kushikana. Seli binti zilichipua tu na hazikuachana na mama zao. Na hamira ya dukani iliyoganda ndani ya pakiti ni habari nyingine kabisa: imeingiwa na unyevu.

Bonge la kuogopwa ni la Candida albicans, fangasi wa jamii ya hamira anayeishi mwilini mwa watu wengi bila kuwadhuru. Naye ana protini za kunata, na hushika hata plastiki: meno ya bandia, mipira inayoingizwa kwenye mishipa mikubwa ya damu. Akishatanda hapo hujijengea utando ambao dawa za fangasi huupenya kwa shida. Ndiyo maana fangasi huyo akionekana kwenye damu ya mgonjwa mwenye mpira wa aina hiyo, madaktari kwa kawaida huutoa mpira wenyewe pamoja na kumpa dawa.